Je, Walijua Kuwa Ni Mti?

Mdogo wangu alipiga goti katikati ya barabara, akaweka kiganja juu ya jiwe moja la rangi ya kahawia lililokaa kati ya vibamba vya mawe ya mchanga, kisha akanyamaza. Yeye ni mhandisi wa barabara, na si kawaida yake kunyamaza mbele ya barabara ya aina yoyote; tangu tulipoiona kwa mbali alikuwa akinieleza habari za mteremko na msingi kana kwamba nimemwomba. Nilipoinama nami nikaona kilichomfunga mdomo. Lile jiwe lilikuwa na nyuzi nyembamba zilizokwenda sambamba kutoka ncha hadi ncha, na karibu na katikati palikuwa na kifundo, mahali ambapo zamani palichipuka tawi.

Lilikuwa gogo.

Gogo lililogeuka jiwe, likaokotwa na mafundi wa Misri ya kale zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, likatandazwa barabarani pamoja na mawe mengine ili mizigo ipite juu yake.

"Dada," alisema mwishowe, "hawa watu wametandaza mti."

"Unadhani walijua kuwa ni mti?"

Alisimama, akajipangusa vumbi magotini. "Fundi hutazama ugumu na ukubwa. Kwake yeye jiwe ni jiwe."

Sikumjibu. Jua lilikuwa linashuka na dereva alikuwa akituita twende tukapige kambi kabla ya giza. Lakini swali lile, nililolitoa kwa kupitisha maneno tu, limekataa kuniacha. Zimepita wiki sita tangu nirudi nyumbani na bado naamka nalo, kwa hiyo nimeona afadhali niliandike.

## Ziwa la Karuni

Ilikuwa safari fupi ya siku tatu, tukilala nje usiku mara mbili, katika jangwa linalolizunguka bonde la Fayum, kusini-magharibi mwa Kairo. Mdogo wangu anafanya kazi Misri nami nilikuwa mgeni wake. Yeye alitaka kuiona barabara ile, ambayo wanajiolojia wa Marekani waliipima na kuichora katika miaka ya 1990, na ambayo huhesabiwa kuwa barabara ya kale kuliko zote zilizosakafiwa kwa mawe miongoni mwa zile zinazojulikana. Mimi nilitaka kuwaona nyangumi wa jangwani. Tulikubaliana kuviunganisha vyote viwili, pamoja na hekalu moja au mawili yaliyo njiani, tukamwachia dereva wetu, Mbedui wa makamo, ashughulikie vibali, maji na mahema.

Msemaji wa Kiswahili hawi mgeni kabisa katika ramani ya eneo hilo. Birket Qarun, ziwa ambalo uso wake uko zaidi ya mita 40 chini ya usawa wa bahari, ni birika la Karuni, yule tajiri aliyemezwa na ardhi pamoja na hazina zake. Jabal Qatrani ni jabali la katrani. Widan el-Faras ni masikio ya farasi, na kweli vile vilele viwili vimesimama juu ya ukingo wa mwinuko kama masikio ya mnyama aliyesikia kitu. Qasr el-Sagha ni kasri la masonara. Kila dereva alipotaja jina, nami nikalirudisha kwa Kiswahili, alicheka kwa furaha ya mtu aliyekuta ndugu asiyemtarajia, na tangu hapo akawa ananiita "ustaza" hata pale nilipomwuliza mambo ya kijinga.

## Hekalu lisilosema

Katika kasri la masonara hakuna dhahabu. Ni hekalu dogo la zama za Ufalme wa Kati, lililojengwa chini ya mwinuko upande wa kaskazini wa ziwa, kwa mawe makubwa ya mchanga yaliyokatwa mshazari, kila jiwe likifuata umbo la jirani yake kiasi kwamba ukuta unaonekana kama umesokotwa. Ndani mna vyumba 7 vidogo vya miungu, vimepangwa bega kwa bega. Hakuna herufi hata moja ukutani, hakuna jina la mfalme wala umbo la mungu, kwa kuwa ujenzi haukukamilika na wachonga maandishi hawakupata zamu yao.

Niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyolipitia haraka. Hekalu lisilo na maandishi humnyima mgeni kitu cha kushika, na mimi ni mmoja wa wale wanaosoma kibao kwanza ndipo waangalie kitu chenyewe. Tabia hiyo naikumbusha hapa kwa sababu ilikuja kunirudi kesho yake.

Aliyelitangaza hekalu hili kwa ulimwengu wa wasomi ni Georg Schweinfurth, mwaka 1884. Huyu alikuwa msafiri Mjerumani, kwa taaluma mtaalamu wa mimea. Miaka 5 kabla, mwaka 1879, katika kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilohilo, alikuwa ameokota mifupa ya nyangumi wa kale, ya kwanza ya aina yake kupatikana Misri. Leo mambo hayo mawili yamegawanywa: hekalu ni la wanaakiolojia, mifupa ni ya wanajiolojia, kila upande una wataalamu wake, na mgeni mwenye siku tatu huulizwa anataka ziara ya aina gani. Kwake Schweinfurth yalikuwa mambo ya ziwa moja na mtu mmoja.

Zaidi ya hayo, wanajiolojia walipotafuta jina la tabaka la miamba ya baharini linaloonekana katika mwinuko ule, waliliita kwa jina la hekalu. Kwa hiyo kuna Qasr el-Sagha ya mawe yaliyochongwa yapata miaka 4,000 iliyopita, na kuna Qasr el-Sagha ya mawe yaliyotulia chini ya bahari mamilioni ya miaka kabla ya kuwapo mtu wa kuchonga chochote, na ya pili imeazima jina la ile ya kwanza.

## Kushuka na mzigo

Barabara yenyewe ina urefu wa kilomita zipatazo 11 na upana wa mita 2 hivi. Ilianzia Widan el-Faras, kwenye machimbo ya basalti, jiwe jeusi la volkeno, ikashuka hadi karibu na mahali ambapo hekalu lilikuja kujengwa baadaye. Mtu akiitazama leo atauliza ni nani aliyejenga barabara inayokwenda kuishia mchangani, lakini wakati wa Ufalme wa Kale, enzi ya piramidi kubwa, maji ya ziwa yalifika huko juu, na barabara ilikuwa ikiishia gatini. Mawe meusi yalipakiwa mashuani, na majira ya mafuriko yalipounganisha ziwa na Nile, yakasafirishwa hadi Giza na kwingineko kusakafia mahekalu ya piramidi.

Mdogo wangu alinieleza jambo ambalo peke yangu nisingeliona. Wajenzi hawakuleta mawe kutoka mbali ili barabara yote ifanane. Walitumia kilichokuwa karibu: mahali penye mawe ya mchanga walitandaza mawe ya mchanga, penye chokaa wakatandaza chokaa, na palipotapakaa miti iliyogeuka jiwe wakatandaza miti. "Hata sisi hufanya hivyo," alisema. "Usafirishaji wa kifusi ndio unaokula pesa."

Tuliitembea sehemu fulani kwa miguu, tukipanda. Ukipanda mwinuko ule unapanda pia nyakati. Chini kuna matabaka ya bahari na ya mdomo wa mto, yenye mifupa ya nyangumi na ng'ombe wa baharini. Juu yake kuna tabaka la Jabal Qatrani, la wakati ambapo bahari ilikuwa imerudi nyuma na mito ilipita katikati ya misitu. Humo ndimo mlimopatikana Aegyptopithecus, nyani wa kale wa karibu miaka milioni 30 iliyopita aliyetambuliwa na Elwyn Simons katika miaka ya 1960, na humo ndimo yamelala magogo. Maji ya chini ya ardhi yenye silika yaliyapenyeza polepole, seli kwa seli, ubao ukaondoka na jiwe likashika nafasi yake bila kuharibu mpangilio, ndiyo maana kile kifundo cha tawi bado kipo. Na juu kabisa, kama mfuniko, kuna basalti nyeusi iliyomwagika ikiwa moto baada ya misitu kutoweka.

Wafanyakazi walioshusha mawe walipita njia hiyo kwa kinyume, kila safari. Walitoka kwenye volkeno, wakapita msituni, wakafika baharini. Mabegani na kwenye kamba walikuwa na uzito wa kuwashughulisha, na sidhani kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia kando.

Hapo ndipo nilipoanza kuelekea upande wa mdogo wangu. Jiwe ni jiwe.

## Nyangumi wenye magoti

Siku ya pili tulirudi kwenye lami, tukaizunguka pwani ya kusini ya ziwa, tukaingia Hifadhi ya Wadi el-Rayan na kuendelea magharibi hadi Wadi al-Hitan, bonde la nyangumi. UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005. Magari huachwa langoni, na mgeni hufuata kwa miguu njia iliyopangiwa mawe pembeni, kutoka mifupa hadi mifupa.

Mjiolojia Hugh Beadnell aliileta habari ya mifupa hii mwanzoni mwa karne ya 20, lakini bonde lilikuwa mbali mno na kila kitu, likaachwa karibu lilivyo kwa miongo mingi. Philip Gingerich na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Michigan walipofanya kazi huko katika miaka ya 1980, waliorodhesha mamia ya mifupa, na mwaka 1989 wakapata kile ambacho kimelipa bonde hili sifa yake: miguu ya nyuma ya nyangumi wa kale aitwaye Basilosaurus, yenye goti, kifundo na vidole vitatu. Mnyama huyo alikuwa na urefu wa mita 15 na zaidi, na miguu yake haifikii mita moja. Haikuweza kumbeba. Alikuwa amekwisha kuwa wa majini kabisa, lakini mwili wake ulikuwa bado haujasahau nchi kavu.

Nilisimama muda mrefu mbele ya uti wa mgongo mmoja uliojipinda mchangani, pingili moja baada ya nyingine, kubwa kama vinu. Nilitarajia kustaajabu. Kilichonipata, nikisema kweli, ni mchoko wa hesabu. Kibao kilisema kiasi cha miaka milioni 37, nami nikajaribu kuipima kwa hatua zangu: hatua moja miaka 100. Kwa kipimo hicho hekalu la jana lilikuwa hatua 40 nyuma yangu, na barabara hatua chache zaidi, 45 hivi. Ili kumfikia nyangumi ningehitaji hatua 370,000, ambazo kwa mwendo wangu ni zaidi ya kilomita 270. Yaani ningekwenda kwa miguu hadi Kairo, na kurudi karibu yote. Hesabu ilitoka sawa. Moyoni haikuleta chochote.

Mdogo wangu, ambaye hakuja kwa ajili ya nyangumi, ndiye aliyeguswa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mnyama mdogo zaidi, Dorudon, mwenye urefu wa mita 5 hivi, akisoma kuwa mafuvu ya wachanga wake yamekutwa na alama za meno ya Basilosaurus. "Kumbe aliliwa," alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani. Nilimwonea wivu.

## Jiwe la kona ya hema

Usiku huo tulilala kwenye eneo la kambi lililotengwa, si mbali na lango. Upepo ulianza mara tu baada ya chai. Vigingi havikushika mchangani, na kona moja ya hema langu ikawa inapigapiga kama bawa la kuku. Nilitoka na tochi, nikatafuta jiwe la kutosha, nikalipata hatua chache pembeni, zito na bapa upande mmoja, nikalibwaga juu ya kona ya hema, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nilipotoka, mwanga ulikuwa bado wa pembeni, ule unaoonyesha kila mkwaruzo. Jiwe langu lilikuwa limejaa vidubwana vya mviringo, bapa, vimebanana kama sarafu zilizomwagwa kwenye udongo mbichi. Vingine vilikuwa vimepasuka, na ndani vilionyesha mzunguko mwembamba wa vyumba vidogo, unaojikunja kuelekea kitovu.

Vilikuwa numuliti, maganda ya viumbe wa chembe moja walioishi katika bahari ileile ya nyangumi. Jana yake nilikuwa nimeviona katika kibanda cha makumbusho, nyuma ya kioo, na nikavisoma kwa makini.

Nilikuwa nimeshika bahari mkononi nikaiona uzito tu.

Dereva alipoona nimesimama na jiwe alikuja akalichukua kwa upole, akaniuliza nililitoa wapi, akaenda kulirudisha palepale, upande uleule ukiangalia chini. Katika hifadhi ile ni marufuku kuchukua hata kipande, na kwake yeye hata kulihamisha hatua kumi ni nusu ya kosa. Hakunikaripia. "Usiku, ustaza, mawe yote ni vigingi," alisema.

Maneno hayo yalinirudisha barabarani. Nilikuwa nimewauliza mafundi wa kale swali lenye dharau ndani yake, hata kama sikuikusudia: je, walikuwa na akili ya kuona? Na mimi, mwenye kibao, makumbusho na tochi, nilipohitaji kitu kizito sikuona. Kwa upande mmoja jambo hili lilimpa mdogo wangu ushindi, kwa kuwa mtu mwenye haja huona haja yake. Kwa upande mwingine lilinifungulia mlango ambao sikuwa nimeufikiria: asubuhi ilipofika niliona. Kulitumia jiwe usiku hakukunizuia kulijua mchana. Mafundi wale walikuwa na asubuhi nyingi kuliko mimi, miaka na miaka ya asubuhi juu ya barabara ileile, na mwanga wa pembeni haubagui.

## Majina ya kuazima

Siku ya tatu tulipita Medinet Madi, nami sitaieleza kwa urefu. Ni hekalu lililoanzishwa na Farao Amenemhat III na kumalizwa na Amenemhat IV, yapata miaka 3,800 iliyopita, kwa ajili ya Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, na Renenutet, mungu wa mavuno mwenye umbo la nyoka. Kuta zake zina maandishi, tofauti na kasri la masonara, na kizazi baada ya kizazi kiliongeza la kwake, hata Wagiriki walioweka simba na safu zao mbele ya mlango.

Kilichonisimamisha pale ni jina. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo mtu aitwaye Isidorus aliacha hekaluni tenzi 4 za Kigiriki za kumsifu Isis, mungu wa kike wa Misri, ambaye kwa wakati huo watu walikuwa wamemwunganisha na Renenutet. Na nyangumi niliyemwona jana, yule mwenye magoti, jina lake kamili ni Basilosaurus isis.

Nilianza kuyakusanya majina hayo, na nikagundua kuwa yamejaa. Mwaka 2021 nyangumi wa miguu minne aliyepatikana Fayum aliitwa Phiomicetus anubis, kwa jina la mungu Anubis. Mwaka 2023 kundi la Hesham Sallam, mtaalamu wa Misri wa viumbe wa kale, lilitangaza nyangumi mdogo wa mita 2.5 hivi, wa miaka milioni 41 iliyopita, likamwita Tutcetus rayanensis kwa heshima ya Tutankhamun. Arsinoitherium, mnyama mwenye pembe mbili kubwa puani, ana jina la malkia Arsinoe. Na sehemu ya pili ya jina la Basilosaurus ni nzuri kuliko sehemu ya kwanza, ambayo ni kosa lililogandishwa: Richard Harlan alipoielezea mifupa ya aina hiyo huko Marekani mwaka 1834 alidhani ni mtambaazi, akamwita mfalme wa mijusi, na ingawa Richard Owen alionyesha miaka michache baadaye kuwa ni mamalia, kanuni za majina zikamlinda mjusi.

Basi hata wataalamu, wakishika mfupa, hutafuta mkononi kitu cha karibu cha kuushikia. Mmoja alishika mjusi. Wengine wakashika miungu na wafalme wa nchi ile, ambao kwa umri wako jirani nasi kabisa, hatua 40 tu kati ya hatua 370,000.

## Wiki sita

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma, nikitafuta mtu wa kale aliyeona. Nilimpata mapema kuliko nilivyotarajia.

Katika Jumba la Makumbusho ya Misri la Turin, Italia, kuna kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, cha urumba wa baharini, mnyama wa mviringo mwenye miiba, kilichochimbuliwa Heliopolis. Kimezungushiwa maandishi ya hieroglifu yaliyochongwa kwa uangalifu, yanayosema kuwa kilipatikana na kuhani aitwaye Tjanefer, kusini mwa machimbo fulani ya mawe. Hayasemi ni kitu gani. Yanataja mahali na aliyekiona, ambayo ndiyo hasa mambo mawili ambayo mtaalamu wa leo huyaandika kwanza kwenye daftari lake. Na huko Qau el-Kebir, katika Misri ya Juu, wachimbaji wa miaka ya 1920 walikuta mifupa mingi mizito iliyogeuka jiwe, mingine ikiwa imefungwa kwa kitani ndani ya makaburi. Kitani hakifungwi jiwe ambalo ni jiwe tu.

Nikakutana pia na Strabo, Mgiriki aliyezuru Misri takriban miaka 2,000 iliyopita. Mbele ya piramidi aliona marundo ya vipande vya mawe, na ndani yake vijiwe vyenye umbo la dengu. Aliambiwa kuwa ni mabaki ya chakula cha wajenzi, yaliyogeuka jiwe. Sasa tunajua kuwa ni numuliti, zilezile za kona ya hema langu, kwa kuwa mawe ya chokaa ya Giza yamejaa viumbe hao. Lakini sikuweza kuicheka hadithi ya dengu. Aliyeitunga aliona mambo mawili sahihi: kwamba umbo lile si la jiwe, na kwamba kitu kilichokuwa hai kinaweza kugeuka jiwe. Alikosea jina na umri, kama Harlan.

Nilimpelekea mdogo wangu haya yote kwa ujumbe mrefu, nikimalizia kwa kusema kuwa nadhani walijua. Alijibu baada ya siku mbili, na jibu lake ndilo lililogeuza jambo.

Alisema nimeangalia makuhani na wasafiri, ilhali nilipaswa kuangalia mafundi. Kisha akanieleza habari za Lisht, karibu na piramidi ya Senusret I, ambako karne kadhaa baada ya barabara yetu watu walizika mbao za mashua kuukuu chini ya njia za kuvutia mawe, ili uzito usizame. Kutandaza mti chini ya mzigo ilikuwa kazi wanayoijua. Tena Misri ni nchi yenye uhaba wa mbao ndefu nzuri, hata mierezi ikaagizwa Lebanoni. "Sasa, Dada," aliandika, "chukua fundi wa namna hiyo, mpeleke jangwani kujenga barabara ya mizigo, halafu mwonyeshe gogo lisilooza, lisilopasuka, lisiloliwa na mchwa. Mimi ningelilaza barabarani siku hiyohiyo. Ningelilaza kwa sababu ni mti."

Nilisoma mara tatu. Yeye aliyesema jiwe ni jiwe alikuwa amehama kwa mguu wa fundi, bila kuhitaji kuhani wala Strabo. Na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kushinda, nikaona kuwa hoja yangu yote ilidhani kuwa kujua ni kuacha kutumia: kwamba aliyetambua mti angeuweka kando, angeuandika kama Tjanefer, angeuzungushia mawe madogo na kibao. Sijamaliza kujadiliana naye, kwa sababu hoja yake ni ya mtu anayetaka mafundi wote wafanane naye, lakini tangu siku hiyo sijaweza kuliona gogo lile kama ushahidi wa upofu.

Jumapili iliyopita alinipigia simu akiwa Giza. Upepo ulikuwa mwingi, sauti yake ikija na kukatika. Alikuwa upande wa mashariki wa piramidi ya Khufu, kwenye mabaki ya hekalu, amesimama juu ya sakafu nyeusi ya basalti iliyosafiri kutoka masikio ya farasi.

"Nimefika mwisho wa barabara," alisema.

Nilimwuliza sakafu ikoje. Alisema imesawazishwa vizuri kwa juu, lakini chini kila jiwe limeachwa na umbo lake, na chokaa iliyo chini ndiyo iliyochongwa ili kulipokea. Akaanza kunieleza sababu zake za kihandisi, ndefu, nami nikamwacha. Kisha akakatiza sentensi yake katikati.

"Dada, hapa pembeni, kwenye hiyo chokaa."

"Nini?"

"Dengu," alisema. "Zimejaa. Subiri, nipige goti."